Lubumbashi–Kolwezi: kwa nini kupitana barabarani kunaendelea kuua watu kwenye lami nzuri

Kila mtu anayesafiri mara kwa mara kati ya Lubumbashi na Kolwezi anajua dakika ile ambayo watu ndani ya basi huacha kuongea. Mbele kuna malori matatu yanayofuatana, yamebeba shaba au asidi, yanapanda kilima polepole. Dereva anasogea kushoto, anachungulia, anarudi. Anasogea tena. Mara ya tatu anakanyaga mafuta. Mama aliyeketi nyuma yake anashika kiti kwa mikono miwili. Kama hakuna gari linalokuja, mazungumzo yanaanza tena baada ya sekunde chache. Kama lipo, kesho yake sisi waandishi wa habari tunakuwa na kazi.

Habari hizo tunaziandika karibu kwa maneno yaleyale: mwendo kasi, dereva alishindwa kuliongoza gari, polisi imeanzisha uchunguzi. Maneno hayo si ya uongo, lakini yanaishia kwa mtu mmoja, ambaye mara nyingi naye amekufa. Hayaelezi kwa nini ajali za namna moja zinarudi kwenye barabara moja, mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo lami ni nzuri. Ukitazama kwa karibu, utaona kwamba mwendo kasi ni sehemu tu ya tatizo. Sehemu nyingine ni jinsi magari ya aina tofauti yanavyogawana njia mbili nyembamba.

Barabara moja, kazi nyingi

Barabara ya taifa nambari 1 inatoka pwani ya Atlantiki, inapita Kinshasa na Kasai, inaingia Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, kisha inaishia Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Kipande cha kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi kina urefu wa karibu kilomita 300. Sehemu kubwa ya kipande hicho ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, bila ukuta wala nafasi katikati.

Kwenye njia hizo mbili wote wanakutana. Kuna malori ya migodi, mabasi ya abiria, gari ndogo za wakubwa zinazokimbia kama zimefukuzwa, pikipiki za manseba, na baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makala kutoka msituni kwenda mjini. Kuna watoto wanaotoka shule. Kule Luisha na Fungurume, soko limesogea hadi ukingoni mwa lami, kwa sababu mnunuzi ni msafiri. Mama anayeuza nyanya au uyoga wa masika hawezi kuweka meza yake mita 50 ndani ya kichaka, hakuna atakayesimama.

Zamani barabara yenyewe ilimlazimisha dereva kwenda polepole. Mashimo yalikuwa ndiyo askari wa barabarani. Barabara ilipotengenezwa, safari ya siku nzima ikawa ya saa chache. Hiyo ni faida kubwa kwa biashara, kwa wagonjwa na kwa familia zenye watu katika miji yote mitatu. Lakini lami iliongeza mwendo bila kuongeza upana, na vijiji vilibaki palepale. Mtu aliyezoea kuvuka mbele ya lori linaloyumba kwenye mashimo alijikuta anavuka mbele ya basi la kilomita 100 kwa saa.

Hesabu ya malori

Ili kuelewa msongamano, tuchukue hesabu rahisi. Mwaka 2024 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, karibu zote kutoka Haut-Katanga na Lualaba. Lori moja la masafa marefu hubeba takriban tani 30. Kama shaba yote ingetoka kwa lori, ingehitaji safari 100.000 kwa mwaka, yaani malori zaidi ya 270 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ni kweli kwamba sehemu fulani inapita kwa reli kuelekea Lobito, na kwamba si migodi yote inayotumia kipande hiki cha barabara. Lakini hapo hatujahesabu kobalti, wala malori yanayorudi.

Na malori yanayorudi si matupu. Migodi inahitaji mafuta, chokaa, mashine, na hasa salfa na asidi ya sulfuriki, inayotumika kuyeyusha madini kutoka kwenye mawe. Kwa hiyo mwenye gari ndogo hapitani na lori moja kwa bahati mbaya. Anapitana na mstari wa malori kutoka asubuhi hadi usiku, na baadhi yake yamebeba vitu vinavyounguza.

Sekunde 9, sekunde 17

Watu wengi hufikiri kupita gari lingine ni jambo la macho na ujasiri. Kumbe ni jambo la hesabu. Tuseme lori linakwenda kilomita 60 kwa saa na lina urefu wa mita 20. Gari ndogo inakwenda kilomita 90 kwa saa, nayo inaanza kupita ikiwa mita 25 nyuma ya lori na kurudi kwenye njia yake ikiwa mita 25 mbele. Tofauti ya mwendo ni kilomita 30 kwa saa, karibu mita 8 kwa sekunde. Itachukua kama sekunde 9. Katika sekunde hizo gari ndogo itakuwa imekula mita 225 za barabara. Gari linalokuja mbele, likiwa nalo na kilomita 90 kwa saa, litakuwa limekula mita 225 nyingine. Dereva anahitaji karibu nusu kilomita ya barabara tupu anayoiona kwa macho yake.

Sasa weka malori matatu yanayofuatana kwa kuachiana mita 15. Muda unapanda hadi sekunde 17 na zaidi. Barabara tupu inayohitajika inakaribia mita 900. Kwenye barabara yenye vilima na kona, nafasi ya namna hiyo haipatikani kila mara. Na basi lililojaa abiria na mizigo juu haliongezi mwendo kama gari ndogo. Kwake sekunde hizo ni nyingi zaidi.

Hapa ndipo adabu ya barabarani inapogeuka kuwa suala la uhai. Malori yanapofuatana kwa karibu sana, yanamnyima anayepita nafasi ya kujificha katikati. Dereva wa lori akiacha mita 50 au 60 mbele yake, gari ndogo linaweza kupita moja, likaingia, likapumua, likasubiri. Akikaza mwendo ili asipitwe, anamwacha mwenzake kwenye njia ya kifo. Wapo wanaofanya hivyo kwa kiburi, na wapo wanaofanya kwa kuogopa kupoteza kasi kabla ya kilima. Matokeo ni yaleyale.

Mwendo nao una sheria yake isiyobishaniwa. Nguvu ya kugongana haiongezeki sawa na kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Shirika la Afya Duniani (OMS) linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali yenye kuua inapanda kwa takriban asilimia 4. Shirika hilo linahesabu vifo karibu milioni 1,19 barabarani kila mwaka duniani. Linasema pia kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kati ya mwaka 2010 na 2021, vifo hivyo vilipungua kidogo duniani, lakini Afrika viliongezeka kwa asilimia 17.

Usukani wa kulia kwenye barabara ya kulia

Kuna jambo jingine ambalo ni letu hasa sisi wa Katanga. Kongo tunaendesha upande wa kulia. Zambia, Tanzania, Zimbabwe na Afrika ya Kusini wanaendesha upande wa kushoto, na malori yao yana usukani upande wa kulia. Malori hayo yanaingia kwa Kasumbalesa kila siku. Zaidi ya hayo, magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam nayo yana usukani wa kulia, na ndiyo yanayonunuliwa kwa sababu ya bei.

Dereva wa gari la namna hiyo anakaa upande wa nyasi. Akiwa nyuma ya lori, haoni kinachokuja mpaka autoe karibu mwili wote wa gari kwenye njia ya wenzake. Ndiyo maana katika gari nyingi abiria wa mbele anageuka kuwa macho ya dereva: ndiye anayesema pita, au ngoja. Mara nyingi abiria huyo hajui kuendesha. Anaona gari likiwa mbali, lakini hajui kupima kama linakuja na kilomita 60 au 120. Maisha ya watu 15 yanawekwa juu ya neno moja la mtu aliyepanda stendi.

Amri za kuzuia magari ya usukani wa kulia zimekwisha kutangazwa nchini, lakini magari bado yapo, kwa sababu uchumi wa mipaka ya mashariki na kusini unayategemea. Kuyafukuza yote kwa siku moja kungesimamisha biashara. Lakini kuyaacha yabebe abiria kwenye barabara kuu bila sharti lolote ni jambo tofauti, na linastahili kujadiliwa peke yake.

Lugha ya taa inayosomwa kinyume

Madereva wa masafa marefu wana lugha yao ya taa. Lori lililo mbele likiwasha taa ya upande wa ukingo wa barabara, linakuambia: njia ni nyeupe, pita. Likiwasha taa ya upande wa katikati, linakuambia: ngoja, kuna gari linakuja. Ni wema wa barabarani, na umeokoa watu wengi.

Lakini tufikirie. Kwetu ukingo uko kulia, hivyo taa ya kulia ni pita na ya kushoto ni ngoja. Zambia na Tanzania ukingo uko kushoto, hivyo taa ya kushoto ni pita na ya kulia ni ngoja. Dereva aliyeendesha siku kadhaa kutoka Dar es Salaam, akavuka mpaka akiwa amechoka, anaweza kutoa ishara ya nyumbani kwake kwenye barabara yetu. Anayemfuata anaisoma kwa lugha ya hapa. Mmoja amesema ngoja, mwingine amesikia pita. Na taa hiyo hiyo ya kushoto inaweza tu kuwa na maana yake ya kawaida, kwamba lori lenyewe linataka kukata kona kuingia mgodini.

Funzo ni fupi: ishara ya mwenzako isaidie macho yako, isichukue nafasi yake.

Kwa nini dereva anaharakisha

Ni rahisi kusema madereva ni wazembe. Baadhi ni wazembe kweli. Lakini tuulize wanalipwa vipi. Dereva wa basi anayetakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu fulani kila jioni anajua kwamba safari ya pili ndiyo chakula cha nyumbani kwake. Dereva wa lori aliyepoteza siku kwenye foleni ya Kasumbalesa, anayesubiri karatasi za forodha, anataka kuzirudisha siku hizo barabarani. Saa zilizopotea mbele ya ofisi zinalipwa kwa kasi kwenye lami, na mara nyingi zinalipwa usiku.

Usiku ndio wakati mbaya zaidi. Lori lililoharibika linaachwa nusu barabarani, na badala ya pembetatu ya kuakisi mwanga, watu wanaweka matawi ya miti na mawe. Lori likishatengenezwa linaondoka; mawe yanabaki. Baiskeli ya makala haina taa. Kiangazi kunakuwa na moshi wa vichaka vinavyochomwa, masika kunakuwa na mvua inayofuta mistari. Anayeendesha na kilomita 100 kwa saa katika hali hiyo anakwenda mbele zaidi ya taa zake zinavyoona.

Tunayoyakumbuka

Nchi hii imekwisha kulipa bei kubwa kwa magari yaliyobeba vitu hatari. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu ya Kusini, likawaka moto. Watu zaidi ya 230 walikufa, wengi wakiwa wakaaji wa pale pale. Oktoba 2018, lori la mafuta liligongana na gari lingine Mbuba, jimbo la Kongo ya Kati, kwenye barabara hii hii ya taifa nambari 1, na watu zaidi ya 50 waliteketea. Februari 2019, huku kwetu Lualaba, lori la asidi ya sulfuriki liligongana na magari mengine, likiwemo basi dogo la abiria, katika barabara inayokwenda Kolwezi. Watu wapatao 20 walikufa, na asidi ilimwagika penye makazi ya watu.

Ajali hizi tatu zinafanana kwa jambo moja. Mzigo ndio uliogeuza ajali kuwa msiba wa kijiji kizima. Kwa hiyo kanuni zinazotosha kwa lori la saruji hazitoshi kwa lori la asidi. Lori la namna hiyo linahitaji mwendo wake, saa zake za kusafiri, na gari la kulitangulia linapopita vijijini.

Ofisi nyingi, barabara ileile

Sheria ipo. Sheria ya barabara ya Kongo ni nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Taasisi pia zipo: tume ya kuzuia ajali za barabarani (CNPR), polisi wa barabarani tunaowaita rulaje, tume inayotoa permi (CONADEP), Ofisi ya Barabara, na mfuko wa matengenezo, FONER. Juu ya hayo kuna peaji, ambapo kila gari linalipa kabla ya kupita.

Peaji ndiyo inayofanya wananchi waulize maswali. Anayelipa anaona lami, na hilo si dogo. Lakini barabara ya kulipia haipaswi kuwa lami peke yake. Inapaswa kuwa na ambulansi inayofika kabla majeruhi hajapakiwa nyuma ya pikapu, gari la kuvuta malori yaliyokwama, na mahali pa kuegesha kila baada ya kilomita kadhaa. Peaji pia ni mahali ambapo kila gari linasimama. Hakuna sehemu bora zaidi ya kukagua matairi, taa na uchovu wa dereva. Na kwa kuwa saa ya kupita kila kituo inaweza kuandikwa kwenye risiti, kujua nani amekimbia kupita kiasi kati ya vituo viwili hakuhitaji hata radar. Ni kutoa na kugawanya.

Majirani wamejaribu nini

Zambia, tangu mwaka 2016, imezuia mabasi ya abiria kusafiri kati ya saa tatu za usiku na saa kumi na moja za alfajiri. Rwanda imelazimisha magari ya abiria na ya mizigo kuwekewa vidhibiti mwendo vinavyoishia kilomita 60 kwa saa. Tanzania ilizuia mabasi ya usiku kwa miaka mingi, kisha mwaka 2023 ikayaruhusu tena, huku mabasi yakifuatiliwa kwa mitambo inayoonyesha mwendo wao.

Hakuna dawa isiyo na madhara. Kuzuia mabasi usiku kunamuumiza mfanyabiashara anayetaka kufika sokoni alfajiri. Vidhibiti mwendo vinaweza kuchezewa na fundi wa mtaani. Matuta ya vijijini yanalazimisha malori kusimama karibu, na penye giza wezi hupanda juu ya mizigo. Na adhabu peke yake, mahali ambapo faini inaweza kumalizika kwa mkono chini ya permi, inaongeza tu bei ya kukimbia.

Kwa maoni yetu, mahali pa kuanzia ni pale ambapo kosa la mtu mmoja linaua wengi. Kwanza, njia ya tatu kwenye vilima virefu, ili lori linalopanda polepole lisiwe mtego kwa wote walio nyuma yake. Pili, matuta yenye taa na vivuko mbele ya shule na masoko. Tatu, saa maalumu kwa malori ya asidi na mafuta, nje ya muda wa mabasi. Nne, kila dereva wa kigeni anayevuka Kasumbalesa apewe karatasi moja kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza inayoeleza upande wetu na maana ya taa zetu. Hatua hii ya nne ni ya bei ya karatasi.

Kimya cha abiria

Linabaki jambo moja lisilohitaji wizara. Turudi ndani ya lile basi. Watu 15 wanaona kwamba dereva anakimbia mno. Wote wanajua. Hakuna anayesema, kwa sababu anayesema anajibiwa: njoo uendeshe wewe. Anachekwa, anaitwa mwoga, na mwingine anamwambia angepanda baiskeli.

Lakini dereva anayeambiwa na mtu mmoja anaweza kubisha. Anayeambiwa na watu kumi anapunguza, kwa sababu hao ndio wanaomlipa. Kusema kwa heshima, «papa shofere, tafadhali twende polepole, tuna watoto humu», hakumvunjii mtu hadhi. Barabara ya kilomita 300 ikiendeshwa kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa badala ya 100, inaongeza dakika 45 tu. Ni muda wa kula mahindi mawili ya kuchoma pale Likasi. Aliyefika Kolwezi akiwa amechelewa dakika 45 ataomba samahani kwa aliyekuwa anamngoja, na atasamehewa.